Jibu: Ray Ewry, medali za dhahabu 8 au 10?

Habari ndugu. Umekwama kwa kuwa kitabu kimoja kinampa Ray Ewry, yule mrukaji wa Marekani wa Olimpiki, dhahabu 8 na kingine 10. Mimi pia nilikwama hapohapo nilipowaandalia wanafunzi wangu habari zake.

Kwanza angalia kama aliyeandika amehesabu michezo ya Athens ya 1906. Ewry alishinda mara mbili kule, lakini Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki haiitambui michezo hiyo. Ukiitoa zinabaki 8: tatu Paris 1900, zote siku moja, Julai 16, tatu St. Louis 1904, mbili London 1908. London zilipungua kwa sababu shindano moja kati ya yake matatu, la kuruka mara tatu mfululizo kuanzia ukiwa umesimama, lilikuwa limeshaondolewa. Mimi huandika 8, kisha nataja zile mbili kando.

Pili, usimweleze kama mrukaji tu. Alizaliwa Indiana mwaka 1873, akapata polio utotoni, akaijenga upya miguu yake kwa mazoezi ya kuruka. Alisomea uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Purdue, akawa nahodha wa timu ya riadha, baadaye akafanya kazi New York kama mhandisi wa maji. Na waeleze wasomaji kwamba aliruka bila kukimbia kwanza, miguu yote miwili pamoja. Mwaka 1904 aliruka mbele mita 3.47 kwa namna hiyo! Pima sakafuni kwako uone. Wanafunzi wangu walipopima kwa futi ya fundi, darasa zima lilinyamaza.