Redio ya Ridhaa Iliyotumika: Kiwanda Kikiacha Kuihudumia, Nani Ataitengeneza?

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia na makazi yangu ni Pangani. Nimekwisha kuomba leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya wapenzi wanaowasiliana hewani bila biashara, kwa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na sasa ninatafuta chombo cha masafa mafupi. Mfanyabiashara mmoja wa Tanga mjini ana viwili vilivyotumika, Kenwood TS-440S na Icom IC-751A, na bei zake hazipishani sana. Kila nikimuuliza habari ya vipuri hunijibu kwamba viwanda vyote viwili vingali hai huko Japani, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Ana pia rundo la karatasi zilizotolewa kopi ambazo yuko radhi kuzitupa. Je, ni kweli kwamba kiwanda huendelea kuhudumia chombo cha umri huo? Na ungekuwa wewe, ungechukua kipi?

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu, na shikamoo. Mfanyabiashara wako amesema kweli kuhusu viwanda, lakini kweli hiyo haijibu ulichomuuliza. Icom na Kenwood wapo na wanaendelea kutoa redio mpya. Hata hivyo vyombo unavyovitazama vilitoka katikati ya miaka ya 1980, na hakuna kiwanda kinachoweka ghalani vipuri vya modeli moja kwa miaka 40. Modeli inapofikia mwisho wake, kiwanda hukadiria ni vipuri vingapi vitahitajika kwa matengenezo ya miaka michache ijayo, hutengeneza akiba hiyo, kisha huiuza mpaka imalizike. Baada ya hapo haitengenezwi tena, kwa sababu vipuri vingi havikutoka katika kiwanda cha redio chenyewe. Transista zilitoka kwingine, vioo vya namba kwingine, vichujio vya kristali vinavyotenga stesheni moja na nyingine kwingine tena, na huko nako mitambo ilikwisha kugeuzwa kufanya kazi nyingine. Hata pale sheria inapombana mtengenezaji, muda wenyewe ni mfupi: jimbo la California nchini Marekani linamtaka atoe vipuri na maelezo ya ufundi kwa angalau miaka 7 tangu modeli ilipotengenezwa, ikiwa chombo ni cha bei ya jumla ya dola 100 au zaidi. Miaka 7 ya vyombo vyako ilipita zamani sana.

Kwa hiyo, Mwalimu, swali la kumuuliza muuzaji si kama kampuni ipo. Mwulize, na ujiulize mwenyewe, ni vipuri gani ndani ya chombo hicho vilitengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo peke yake. Resista, kapasita, rilei na transista ndogo ni mali ya dunia nzima, na kimoja kikiharibika fundi hutafuta kinacholingana nacho akaendelea na kazi. Lakini kioo cha namba, kichakato (ubongo wa redio) chenye programu ya kiwanda ndani yake, kichujio cha kristali na enkoda inayosoma mzunguko wa kitasa kikubwa havina mbadala dukani, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama redio itapona.

Nitakupa mfano ambao mimi mwenyewe niliushika kwa mikono. Miaka kadhaa iliyopita niliteremshiwa kutoka milima ya Usambara redio ya Heathkit HW-101, iliyokuwa ya misheni moja huko. Heathkit iliacha kuuza redio za kujiundia mwaka 1992, kwa hiyo hakuna kiwanda cha kutarajia vipuri vya chombo hicho. Lakini valvu zake mbili za kurushia, yaani taa za kioo za zamani zilizofanya kazi ya transista, ni 6146, ambayo ilianza kutolewa na kampuni ya RCA mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikatengenezwa na viwanda vingi na kutumika katika redio za kila aina, hata Kenwood TS-830S ikatumia toleo lake la 6146B. Juu ya hayo, kitabu chake kiliandikwa kwa mtu atakayeiunda redio nyumbani kipande kwa kipande, kwa hiyo kila waya umeelezwa unatoka wapi na kwenda wapi. Nilibadilisha kapasita kubwa za pawasapulai na resista chache zilizopanda thamani, nikasafisha swichi ya bendi, ikaimba. Sasa ilinganishe na Yaesu FT-857 au FT-897, za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo ni changa kwake kwa zaidi ya miaka 30. Ugonjwa wao unaojulikana ni kioo kuingia mistari kama ya punda milia mpaka namba zisisomeke, na kioo hicho ni cha modeli hizo tu. Mkongwe anatibika kwa vitu vya sokoni, na kijana anasubiri kioo kitolewe katika mzoga wa mwenzake.

Jina la kampuni nalo lisikupe matumaini kupita kiasi. Yaesu, kwa mfano, ilipita mikononi mwa Motorola kabla ya upande wa redio za ridhaa kutengwa tena mwaka 2012. Jina lililobandikwa usoni mwa redio hudumu kuliko watu walioichora.

Sasa tuje kwenye viwili vyako, na hapa nitakaa kidogo, maana kila kimoja kina ugonjwa wake wa kuzaliwa.

TS-440S ina bodi ya kutengenezea masafa, na juu ya bodi hiyo vipo vijumba vya koili ambavyo kiwandani vilimiminiwa gundi ili vipuri visitikisike. Gundi hiyo ikishazeeka hunyonya unyevu, huanza kupitisha umeme kidogo kidogo, na hula miguu ya vipuri ilivyovifunika. Ukifungua kijumba kimoja utaikuta imegeuka rangi ya halua iliyoungua, ngumu kwa juu na bado inanata kwa chini, na mguu wa kapasita ukiugusa kwa kibano unakatika kama uzi uliooza. Dalili yake kwa nje ni kwamba kioo huacha kuonyesha namba, huonyesha nukta tupu, na redio inakuwa bubu. Wengi wanaoiona hali hiyo hudhani kichakato kimekufa, nao huitupa au kuiuza kwa bei ya chuma chakavu. Kumbe tiba yake ni subira tu: kuikwangua gundi yote bila kubakiza, kuosha kwa spiriti safi, kubadilisha vipuri vilivyoliwa, na kurekebisha volti za koili kwa kufuata kitabu cha fundi. Kila kinachohitajika katika kazi hiyo ni cha kawaida.

IC-751A ina kisa kingine. Programu inayoamuru kichakato chake imehifadhiwa katika kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya lithiamu ya volti 3, iliyolehemiwa kwenye kibodi chake, yaani bodi ndogo ya kumbukumbu hiyo. Betri ikifa, hazipotei stesheni ulizohifadhi tu, kama ilivyo katika redio nyingine. Inapotea akili yenyewe, na uso wa redio haujibu kitufe chochote. Zamani kibodi kilirudishwa Icom kikajazwa upya. Waliookoa redio hizi baadaye ni wapenzi wenyewe, ambao walibuni vibodi mbadala visivyohitaji betri kabisa, na ukipata chombo kilichokwisha kuwekewa kibodi hicho umepata mali. Kama hakijawekewa, uliza betri ilibadilishwa lini, na akikujibu kwamba haijawahi kuguswa, hesabu kwamba unanunua saa iliyobakiza dakika. Kuibadilisha kunawezekana, ila betri mpya iunganishwe sambamba kabla ya ya zamani kuondolewa, na chuma cha kulehemu kichomolewe kwenye umeme kabla ya kugusa. Tafadhali usimpe kazi hiyo kijana wa kutengeneza simu ambaye hajawahi kuiona, maana huko kukosea ni mara moja.

Katika vyombo vyote viwili, transista za mwisho za kurushia, zinazosukuma mawimbi kwenda antena, nazo zinahitaji tahadhari. Nyingi za aina hiyo zilikwisha kuachwa na watengenezaji wake, Toshiba 2SC2879 ikiwa mojawapo, na soko limejaa za bandia. Niliwahi kuagiza jozi mtandaoni, zikaja na maandishi mazuri na mng'ao wa vitu vipya. Zilivumilia wati 20, nilipopandisha nguvu zikapasuka zote mbili. Nilipozivunja kofia nilikuta kipande cha silikoni kidogo mno kwa nguvu iliyoandikwa juu yake. Kwa hiyo mwambie muuzaji arushe mawimbi kwa redio hiyo mbele yako kwenye antena bandia ya ohmu 50 (inayomeza nguvu badala ya kuitoa hewani) yenye mita, kwa pawasapulai ya volti 13.8 inayomudu ampea 20. Ikifika karibu na wati 100 katika kila bendi, transista zake za mwisho ni nzima. Ikifika 40 tu katika bendi za juu, punguza bei au ondoka.

Nenda asubuhi, redio ikiwa bado baridi, iwashwe mbele yako, na ukae nayo saa nzima. Nukta za TS-440S mara nyingi huanza kwa kuja na kuondoka, na muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla hujafika hukuonyesha upande mmoja wa habari. Kisha iombe ifunguliwe. Hapa kwetu pwani hewa ya chumvi haimwachi mtu. Redio iliyokaa miaka katika nyumba inayotazama bahari, kuanzia Raskazone hapa Tanga mpaka kwako Pangani, utaitambua kwa soketi ya antena iliyoota kutu ya kijani na skrubu za shaba zilizofifia. Kutu ya nje inasafishika, ila ikiwa imeingia katika viunganishi vya utepe kati ya bodi na bodi, utakuwa na hitilafu za leo ipo kesho haipo, ambazo humaliza fedha na moyo. Tena, kama pawasapulai imo ndani ya chombo, soma kibandiko cha nyuma. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100, na umeme wetu ni 230.

Ningekuwa mimi? Kama TS-440S inakaa saa nzima bila kuonyesha nukta, ningeichukua hiyo, si kwa kuwa ni bora kwa masikio, maana ukipokea vituo hafifu vya usiku IC-751A si ya kubezwa, bali kwa kuwa ugonjwa wake unatibika hapa hapa Tanga kwa vitu vilivyomo katika droo zangu. Ya pili ningeichukua tu ikiwa tayari ina kibodi kisicho na betri. Hata ile yenye nukta ningeifikiria, kwa bei ya kuihurumia, kama ungekubali kuisubiri mezani kwangu majuma mawili.

Mwisho, umeniandikia kwamba muuzaji ana rundo la karatasi zilizotolewa kopi ambazo yuko radhi kuzitupa. Zikague. Kitabu cha mtumiaji kinakufundisha kubonyeza, lakini kikiwemo cha fundi, chenye michoro ya saketi na volti za kila kituo cha kupimia, kichukue chote pamoja na redio, hata kama kurasa zake zimelowa chai.