Sumaku ya mashine ya kusaga: inavyonasa chuma na namna ya kuisafisha

Ndugu, umeuliza kwa nini unga wako wa dona bado una chembe nyeusi ilhali umefunga sumaku kwenye mashine na unaisafisha kila Jumamosi. Nimesaga mahindi Kilosa kwa miaka 9, na naona tatizo ni hiyo Jumamosi.

Chembe hizo hutoka ndani ya mashine yenyewe, kwa kuwa nyundo (vyuma vinavyoponda mahindi) na chekeche (bati lenye matundu linalochuja unga) hulika kidogo kidogo. Sumaku huzinasa zinapopita karibu nayo, lakini nguvu yake hupungua upesi sana kadiri unavyosogea mbali na uso wake. Kwa hiyo vumbi la chuma likishajikusanya, chembe mpya hushikwa juujuu tu na kusombwa tena na unga. Siku moja nilifungua sumaku ambayo kijana wangu aliisahau kwa siku 4, nikaikuta imeota manyoya meusi marefu kama ukucha, isipokuwa upande unaopigwa na unga, ambao ulikuwa safi kana kwamba umefagiliwa. Ya upande huo yalikwisha kwenda na wateja.

Mimi huisafisha kila jioni, na wakati wa mavuno hata adhuhuri. Zima mashine, subiri nyundo zisimame kabisa, kisha itoe sumaku nje, maana ukiipangusia pale pale mdomoni unga unapotokea, utakachoangusha kitaingia kwenye kiroba cha mteja wa kwanza. Vaa glovu, futa kwa kitambaa kikavu ukivutia kwenye ncha, halafu vumbi laini linalobaki libandue kwa selotepu. Usiigonge wala usiioshe kwa maji ya moto: sumaku za kawaida za neodimiamu, zile zinazong'aa zenye nguvu sana, huanza kupoteza nguvu joto likizidi nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na zile nyeusi za feraiti hupasuka kama kigae.

Ulichokifuta kimwage kwenye karatasi nyeupe ukitazame. Kikiwa vumbi laini la kiasi kile kile cha siku zote, nyundo zinalika kawaida. Ukiona vipande vyenye makali, fungua mashine kabla ya kusaga debe jingine, kwani huenda chekeche limechanika. Mawe na shaba sumaku haivigusi, kwa hiyo mahindi yapepetwe na kuchaguliwa kama kawaida.

Kupima kama unga bado una chembe za chuma ni rahisi: funga sumaku ndogo ndani ya nailoni, ikoroge kwenye bakuli la unga uliochanganywa na maji mengi, kisha itoe uone kilichoganda.