Kuona uchungu si kuwa na kinyongo

Wapo wanaodhani "kuona uchungu" ni sawa na "kuwa na kinyongo". Hapana ndugu, si sawa. Uchungu ni maumivu ya moyo: umefiwa, umedhulumiwa, umeaibishwa, basi unaona uchungu, na huenda usimchukie mtu yeyote. Kinyongo lazima kiwe na mlengwa. Husemwa "ana kinyongo na kaka yake", na mara nyingi huyo kaka hana habari, maana kinyongo hufichwa moyoni. Ila angalia, "ana uchungu na nchi yake" ni sifa: anaijali kwa dhati. Na mjamzito akishikwa na uchungu, msimbembeleze, mpelekeni hospitali! Uchungu wa ladha nao ni rahisi: dawa chungu, maji machungu.