Hamira haijafa: sukari nyingi inaifanya nini ndani ya donge la maandazi

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mleta mada, dada yetu wa Wete, ameuliza kwa nini maandazi yake ya oda, kilo ya unga kwa robo kilo ya sukari, yanakaa bakulini muda mrefu bila kuumuka, ilhali hamira ya pakiti ileile akiitia kwenye mkate usio na sukari unapanda vizuri tu. Waliotangulia kuchangia wamemwambia hamira imekufa, wengine atie maji ya moto zaidi. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya kuuza maandazi na mkate wa sinia, na sasa nasomesha biolojia skuli ya sekondari hapa Unguja. Jambo hili nililiona jikoni kabla sijalikuta kitabuni. Dada, hamira yako nzima, usiitupe.

Tupige hesabu ya bakuli lako. Kilo ya unga hukandwa kwa kama nusu lita ya tui au maji. Robo kilo ya sukari ikiyeyuka humo, nguvu yake ya kuvuta maji inaishinda ya maji ya bahari, hii bahari yetu yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Na mambo hayaishii hapo. Kwa kawaida hamira haili sukari ya dukani kama ilivyo. Ina kimeng'enya kinachoitwa invatesi, kinakaa nje kwenye ukuta wa seli, kazi yake kuikata molekuli ya sukari ipatikane glukosi na fruktosi. Molekuli moja inazaa mbili, kwa hiyo kadiri hamira inavyojiandalia chakula ndivyo mvuto wa maji nje yake unavyozidi.

Seli ya hamira ikiwa na raha imejaa maji, imetuna ndani ya ukuta wake kama mpira wa baiskeli uliojazwa upepo. Ikiingia kwenye sukari nzito, maji yanaitoka ndani ya sekunde chache na seli inanywea. Wanafunzi wangu huwa nawawekea tone la hamira kwenye hadubini, kisha tunapenyeza maji ya chumvi kali pembeni mwa kile kioo chembamba cha juu. Mbele ya macho yao seli zinapungua ukubwa na kukaza. Watoto wengi husema hapo hapo: zimekufa. Nawaambia wasubiri.

Kwenye ngozi ya seli, yaani utando ulio chini ya ukuta, kuna protini zinazohisi kulegea huko. Moja inaitwa Sln1, nyingine Sho1. Habari inapita kutoka protini hadi protini mpaka inaifikia protini iitwayo Hog1, ambayo ndani ya dakika chache inajikusanya kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kutengeneza gliseroli. Hog1 ilielezwa kitaalamu mwaka 1993 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, Marekani. Mwaka uliofuata ikabainika kuwa na sisi binadamu tuna ndugu yake, protini ya p38, na ukiitia kwenye hamira isiyo na Hog1 inaweza kuishika kazi ile. Mimi hili kila nikilisomesha nasema subhanallah.

Gliseroli ni molekuli ndogo, haina madhara kwa seli hata ikiwa nyingi. Ikijaa ndani inasawazisha mvuto wa nje, maji yanarudi, seli inatuna tena. Na ili isivuje, seli inaufunga mlango wake wa gliseroli, protini inayoitwa Fps1. Siku ukiirudisha kwenye maji matupu mlango huo unafunguka haraka gliseroli itoke, maana bila hivyo maji yangeingia kwa fujo mpaka seli ipasuke.

Sasa shika hapa, dada, maana jibu lako liko hapa. Gliseroli inatengenezwa kwa sukari ileile ambayo ingetoa hewa ya kuumua unga. Glukosi ina kaboni sita, seli inaigawa nusu mbili za kaboni tatu tatu. Nusu inayokwenda kuwa spiriti inaachia kaboni moja, nayo ndiyo kabonidayoksaidi inayotia matundu kwenye andazi. Nusu inayokwenda kuwa gliseroli inabaki na kaboni zake zote tatu, haitoi hewa hata chembe. Kwa hiyo wewe ukiona donge limelala, ndani yake hamira iko kazini kweli kweli, ila inajiokoa kwanza.

Ukitaka kuliona kwa macho, chukua chupa mbili za maji, hamira sawa na maji vuguvugu sawa. Moja tia kijiko cha sukari, nyingine tia sukari nyingi mara kadhaa ya hiyo, kisha visha kila mdomo baluni. Ile ya kijiko baluni lake linasimama mapema. La ile ya sukari nyingi linaning'inia tu, unaweza kudhani imeharibika, kisha taratibu nalo linaanza kuinuka.

Basi fanya hivi. Chukua nusu ya unga, tui lote likiwa vuguvugu, hamira, na sukari kijiko kimoja au viwili tu. Koroga, funika, acha mpaka itoe mapovu juu. Hapo ndipo utie unga uliobaki, sukari iliyobaki, samli na hiliki, ukande, kisha uache iumuke tena. Hamira kavu inapolowana mara ya kwanza utando wake bado haujakaa sawa, na huo ndio wakati mbaya kabisa wa kuikutanisha na sukari nzito. Bibi yangu alikuwa akiusaga mchele wa mkate wa sinia na tui na hamira, anauacha uumuke, sukari anaitia mwisho, na hakuna aliyemsomesha habari za gliseroli.

Aliyeshauri kuzidisha hamira hakukosea sana, unga mtamu unahitaji hamira zaidi kidogo, lakini ukiimwaga mara mbili andazi litanuka hamira. Ya maji ya moto naipinga moja kwa moja: yakikaribia nyuzi 60 hamira inakufa kweli, na hapo hakuna Hog1 itakayoiokoa. Pia soma pakiti dukani, zipo hamira zilizotengenezwa mahsusi kwa unga wenye sukari nyingi, na kwa kawaida invatesi yake ni kidogo.

Aliyeuliza kuhusu chumvi chini kule: gramu kwa gramu chumvi inavuta maji kama mara 12 ya sukari, kwa sababu molekuli zake ni nyepesi na kila moja inagawika mbili ikiyeyuka. Juu ya hivyo sodiamu yenyewe ni sumu kwa seli ikizidi, na hamira inalazimika kuisukuma nje. Kwa hiyo usiimwage juu ya hamira kavu. Ichanganye na ule unga wa mara ya pili.