Kabla ya kuhesabu eosinofili, uliza vizuri

Wadogo zangu mlioripoti kliniki ya kifua mwezi huu, karibuni Mbeya na poleni na baridi. Nawapenda, lakini jana nilitoka maabara moyo umeniuma. Slaidi tatu mezani, zote zimejaa seli bapa za mdomoni, na kwenye fomu mtu kajaza "eosinofili asilimia 1", yaani zile seli nyeupe za kinga zinazoongezeka kwenye baadhi ya magonjwa ya kifua. Yale hayakuwa makohozi, yalikuwa mate. Mzee wa watu katoka Kiwira alfajiri, sisi tumemhesabia mate! Makosa yenu nayajua moja moja kwa sababu mengi niliyafanya, na mojawapo lilimlaza mgonjwa wangu wodini.

1. Feno, kipimo cha naitriki oksaidi kwenye pumzi, kwanza; spairometri, kipimo cha nguvu ya pumzi, baadaye. Kupuliza kwa nguvu kunaishusha gesi hiyo, kwa hiyo ukianza na spairometri umeshaharibu. Saa nzima kabla ya kipimo asile, asinywe, asivute. Mipaka ya mwongozo wa Marekani wa 2011 mnaijua, kwa mtu mzima chini ya 25 ni ndogo na juu ya 50 ni kubwa, ila 20 ya mvuta sigara usiisome kama 20 ya asiyevuta, maana sigara inaishusha.

2. Salbutamoli, dawa ya kufungua kifua, itangulie mvuke wa maji ya chumvi wa kumkohoza mgonjwa atoe makohozi. Pima upya kila baada ya mzunguko, na pumzi ikishuka asilimia 20 toka pale ulipoanzia, simamisha hapo hapo, hata kama kopo bado halina kitu. Kifua kikuu kiwe kimeshaondolewa shaka kabla ya kumkohoza mtu. Na madirisha yafunguliwe, Juni iwe Juni. Nilikuta mmeyafunga yote na koti mmevaa. Vaeni la pili.

3. Swali la dawa. Hapa nitakaa kidogo.

Miaka yangu ya mwanzo nilipokea mama mmoja kutoka Rungwe, miaka sitini na kitu. Sigara hajawahi kuigusa, ila maisha yake yote kapikia kuni kwenye jiko la ndani, na kifua kilikuwa kinambana kwa vipindi. Alikuwa mcheshi. Nilimsalimia "Ugonile" kwa lafudhi mbovu, akacheka mpaka akakohoa. Nikafuata fomu mstari kwa mstari. Nikafika kwenye dawa: "Mama, unatumia dawa yoyote zaidi ya hii ya kuvuta?" Akasema, "Hapana mwanangu." Nikaweka alama.

Akatoa makohozi mazuri, mazito, ya kutoka chini kabisa. Nilihesabu seli 400 bila kukuta eosinofili hata moja, na za damu nazo zilikuwa chini ya 100 kwa mikrolita. Nilijivunia ile slaidi kwa usafi wake. Daktari akasoma majibu, akaona uvimbe wa njia zake za hewa si wa eosinofili, steroidi ya kuvuta, ile dawa yake ya kutuliza uvimbe, haitamsaidia sana na inaweza kumwongezea nimonia. Akaiondoa. Kwa namba nilizompa, alikuwa sahihi.

Julai mama akarudi, bintiye kamshika kwapani, midomo imebadilika rangi, anashindwa kumaliza sentensi. Alilazwa siku sita, oksijeni puani. Siku ya kutoka, bintiye akafungua fundo la khanga ya mama atafute nauli, na pamoja na noti kikatoka kibahasha cha dawa, kitupu, kimekunjwa mara nne. Kimeandikwa kwa kalamu: Pred, 2x3.

Nikamuuliza za lini. "Zile za duka la dawa. Nilimaliza siku ile nilipokuja kukohoa kwenye mashine yenu."

"Mama, si nilikuuliza kama unatumia dawa?"

Akanitazama kwa upole, na ule upole ndio uliniumiza. "Uliniuliza natumia. Mimi nilikuwa nimeshamaliza."

Kila neno lake lilikuwa kweli. Ile Pred, yaani prednisoloni, steroidi ya kumeza, ilikuwa imezifuta eosinofili siku chache kabla sijaziangalia, na mimi nikaandika kwamba hazipo. Tulirudia kipimo baadaye, wiki kadhaa bila vidonge: asilimia 9, wakati 3 tu inatosha kusema zimepanda. Akarudishiwa dawa yake. Nilimwomba msamaha, akanitumia ndizi.

Tangu hapo siulizi "unatumia". Nauliza: "Mwezi huu umemeza nini, umechomwa sindano gani, umenunua nini dukani, jirani kakupa nini?" Kisha naomba kuona: mfuko, pochi, fundo la khanga. Wazee wetu hawafichi, ila kwa wengi "dawa" ni ile ya hospitali. Vya dukani ni vidonge tu vya kutuliza kifua. Nami huandika tarehe ya kidonge cha mwisho kwa kalamu nyekundu, juu kabisa ya fomu.

4. Kinyume chake pia kipo. Eosinofili za damu zikivuka 300, usikimbilie kusema mapafu. Uliza minyoo, peleka choo maabara. Mwenye strongiloidi, aina ya minyoo ya utumbo, akipewa steroidi za kumeza, minyoo hiyo inaweza kusambaa mwilini na kumuua.

5. Makohozi yafanyiwe kazi ndani ya saa mbili tangu yatoke. Muda wa saa mbili, si saa mbili usiku. Yachambue kwenye sahani, chukua mabonge, mate yaache. Ukiona seli bapa zimejaa, usihesabu. Andika "sampuli haifai" na umweleze mgonjwa mwenyewe, kwa heshima, kwa nini anaombwa kurudia. Yule mzee wa Kiwira nimempigia simu. Anakuja Jumatatu, na mmoja wenu ndiye atakayempokea.