Jimnastiki kwa watoto: afanye kiasi gani, apumzike lini?

Binti yangu ana miaka 9. Kocha anamtaka siku sita kwa wiki, saa mbili kila siku. Si nyingi hizo? (Mama, Nkuhungu)

Ni nyingi, mama. Kipimo kinachotumika sana katika tiba ya michezo ni kwamba saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Wako ana 9, anafanya 12. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi zinamtosha, saa mbili kila siku.

Lakini saa peke yake hudanganya. Kunyoosha viungo kwa saa mbili si sawa na kuruka samasoti kwa saa mbili, maana kinachoumiza mifupa na viungo ni kutua. Kaa pembeni siku moja uhesabu anatua kwa kishindo mara ngapi. Kama wiki hii ni mara 40 kwa siku, wiki ijayo isifike 80. Na siku anayoshinda akichota maji usiihesabu kuwa ya mapumziko, hata kama hakukanyaga uwanjani.

Mwanangu wa miaka 12 anaumwa kifundo cha mkono akipinduka. Tunamkanda kwa maji ya moto, anaendelea. (Baba, Mpwapwa)

Asiendelee. Karibu na kifundo, mfupa wa mtoto una sehemu laini inayourefusha, na ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Akisimama kwa mikono, uzito wote wa mwili unapita hapo. Akipinduka kinyumenyume unazidi, tena juu ya ardhi yetu ya kiangazi iliyo ngumu kama saruji.

Bonyeza taratibu juu kidogo ya kifundo, upande wa kidole gumba. Akishtuka kwa maumivu, mpeleke hospitali apigwe eksirei. Sehemu hiyo ikiumizwa mara kwa mara inaweza kufunga mapema, mfupa mmoja ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Kukanda hakuiponyi, na dawa ya maumivu inaficha tu.

Jiandaeni kwa wiki kadhaa bila kuweka uzito mikononi. Mazoezi ya miguu, ya tumbo na ya kusimama bila kuyumba aendelee nayo. Daktari akimruhusu, aanze kwa kusukuma ukuta, kisha kutambaa, kisha kusimama kwa mikono akiegemea ukuta. Kupinduka kuje mwisho, juu ya godoro. Kila hatua apewe siku kadhaa. Maumivu yakirudi, arudi hatua moja nyuma.

Wangu yuko darasa la saba, ana miaka 13. Akitoka tuisheni anasoma tena, analala saa tano usiku, anaamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoezi. (Mzazi, Ipagala)

Anapata usingizi wa saa sita tu, na umri wake unataka 8 hadi 10. Futa mazoezi ya alfajiri mpaka mtihani upite. Mtoto mwenye usingizi huchelewa kukunja mwili hewani, na hapo ndipo watu hutua kwa shingo.

Siku ya mapumziko walale tu? (Kocha, Kondoa)

Hapana, kocha. Watembee, wacheze rede, mradi wasirudie yale yale. Anayeanza kukosea zoezi alilolizoea, au kununa kila jioni, mwongezee siku nyingine.

Nina miaka 15. Kocha ameniambia nipunguze kula niwe mwepesi. Sijaona hedhi miezi minne. (Msichana, Singida)

Binti, nenda kituo cha afya wiki hii, pamoja na mama au dada unayemwamini. Watakuuliza mengi, ujauzito ukiwemo. Usiogope, wanapaswa kuuliza. Mazoezi mazito yasiyolingana na chakula huufanya mwili usimamishe hedhi ili ubane matumizi, na mifupa huanza kudhoofika wakati ilipaswa kukomaa. Ufa mdogo kwenye mfupa wa mguu huja hivyo.

Kocha hana ruhusa ya kukupangia njaa. Kunywa uji wa ulezi wenye karanga kabla ya kutoka nyumbani, na usikae zaidi ya saa moja baada ya mazoezi bila kula: ugali na maharage au dagaa, na maziwa yakipatikana. Kuruka kusimame mpaka daktari akuruhusu.