Maswali ya Wasomaji: Mstari Mweusi Kwenye Skana ya Mikrofilamu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninatafiti barua za wasomaji katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na maktaba ninayoitumia inalo katika mikrofilamu, yaani filamu yenye picha ndogo sana za kurasa. Kwenye skana, mstari mwembamba mweusi hukata kurasa zote, na maandishi ya ukingo mmoja yana ukungu. Mhudumu amesema mashine ni mbovu, nimsubiri fundi. Je, hakuna ninaloweza kufanya? Mwanafunzi, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, lipo, na halihitaji kufungua mashine. Itoe filamu, uzime kitufe kinachogeuza weusi kuwa weupe, kisha utazame kwenye skrini vioo viwili vinavyoibana filamu, vikiwa vitupu. Mstari ukiwa bado upo, ni uchafu wa kioo au lenzi. Ukitoweka, umo katika filamu yenyewe. Wengi hupima kwa kuisogeza filamu tu, lakini kipimo hicho hudanganya, kwa sababu mkwaruzo unaofuata urefu wa filamu huonekana umesimama palepale hata kurasa zikipita.

Rangi ya mstari nayo inasema jambo. Ikiwa filamu yako ni negativu, yaani herufi nyeupe juu ya weusi, na skana inaigeuza ili usome kama gazeti, vumbi lililozuia mwanga litatokea jeupe, ilhali mkwaruzo uliobandua tabaka la picha utatokea mweusi. Kwa hiyo nashuku kwamba filamu yenu imekwaruzwa, na hilo fundi hawezi kulitengeneza. Uliza kama ipo nakala nyingine. Mikwaruzo ya namna hiyo huletwa na filamu kuburutwa kati ya vioo vilivyofungwa vyenye punje za mchanga. Nakusihi ufungue vioo kila mara kabla ya kuizungusha filamu kwa kasi, na vifutwe, cha juu na cha chini, kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi.

Kuhusu ukungu, tazama kurasa kadhaa. Ukikaa upande uleule wa skrini kila mara, vioo havijafunga sawasawa na filamu haijalala bapa: vifungue, uilaze upya, urekebishe fokasi. Ukiufuata ukingo wa ndani wa kurasa, mara upande wa kulia, mara wa kushoto, basi magazeti yalipigwa picha yakiwa yamejalidiwa, karatasi ikapinda penye mshono, na hakuna fokasi itakayoyanyoosha leo. Herufi zikisomeka kama katika kioo cha kujitazamia, filamu imepitishwa upande usio wake, ipange upya.

Kabla ya kuhifadhi, kuza kwa lenzi hadi ukurasa ujaze fremu, kwani kukuza faili baadaye hakuongezi herufi zilizokosekana. Chagua kijivu badala ya nyeusi na nyeupe tupu, ambayo hufuta wino uliofifia, na uweke mipaka ya kunakili ndani ya ukurasa, kwa kuwa kingo nyeusi za filamu hupotosha kipimo cha mwangaza. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa kusoma; kwa herufi ndogo sana jaribu 400.

Ukifungua boksi ukasikia harufu ya siki, usiiweke filamu hiyo mashineni. Ni dalili kwamba asetati, yaani plastiki ya filamu hiyo, inaoza, na mvuke wake huharibu filamu za jirani. Mjulishe mhudumu papo hapo ili itengwe.